Mahari ya Oveni

Twalha Bwanausi alipata habari za neema yake akiwa kwa kinyozi pale Dunda, kidevu nusu kimenyolewa, nusu bado kina povu. Gari lenye kipaza sauti lilipita likitangaza kwamba mradi mmoja wa msaada umefika Bagamoyo. Unawatafuta Watanzania waliorejea kutoka nje mikono mitupu, uwasaidie kuanza maisha upya nyumbani. Twalha alitaka kuinuka palepale, lakini alimwacha kinyozi amalize, kwa kuwa hakuna afisa wa msaada anayemwamini mtu mwenye ndevu upande mmoja.

Isemwe mapema, asije mtu akalaumu baadaye, kwamba Twalha hakuwahi kuvuka mpaka wa nchi yoyote. Ila mtaa mzima uliamini katoka Maskati. Miaka mitatu alikuwa Lugoba, akiwauzia madereva wa malori vito vya thamani ambavyo aliviokota mwenyewe kandokando ya barabara. Kila alipopiga simu nyumbani aliweka salamu za Kiarabu mwanzo na mwisho, na katikati akalalamikia joto. Uongo ule aliutunga kwa ajili ya heshima tu. Sasa aliona umefikia umri wa kufanya kazi.

Upungufu ulikuwa mmoja: Maskati hakuijua. Aliyeijua ni Zaina.

Zaina alifanya kazi za ndani Maskati miaka minne akarudi na begi moja. Akajifungia kwa shangazi yake, Bi Ashura, na kila aliyemuuliza alijibiwa kuwa yuko likizo. Likizo hiyo ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Watu wa Dunda wana adabu zao. Waliacha kuuliza, wakawa wanatazama.

Twalha alimwamkia shangazi shikamoo mara mbili, ya pili ikiwa ya akiba, kisha akaketi barazani na Zaina.

"Dada Zaina, nataka unifundishe Maskati."

"Si wewe umetoka huko?"

"Nimetoka, lakini si sana."

Zaina alimkazia macho. "Ulikuwa wapi, Twalha?"

"Lugoba."

Zaina alicheka hadi akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Shangazi, aliyekuwa jikoni, aliacha kukuna nazi akasikiliza, maana kicheko kile hakikuwa kimesikika nyumbani humo tangu begi lile liingie.

"Na wewe kwa nini hujaenda mradini?" Twalha aliuliza. "Wewe ndiye mwenye haki."

"Wanakukalisha mbele ya watu useme yaliyokukuta. Ukishayasema, mtaa mzima unajua umerudi bure." Alikunjua kanga, akaikunja tena. "Mimi siwezi."

Twalha alimhurumia kama fundi anavyomhurumia mtu asiyeweza kushika nyundo. Kusema mbele ya watu kwake ndiyo kazi. Wakapatana: kitakachotoka, nusu kwa nusu.

Basi Zaina akamfundisha. Pasipoti inachukuliwa siku ya kwanza, inafungiwa kabati moja na dhahabu za mama mwenye nyumba. Chakula unakula umesimama. Adhana unaisikia, hujui msikiti uko upande gani. Usiku mlango unafungwa kwa nje. Twalha aliyameza yote, katika hadithi akajigeuza mpishi, na mwisho akauliza swali moja la kitaalamu.

"Nilie wapi?"

Zaina alifikiri. "Pale pa mlango."

Wiki iliyofuata, ofisini, Twalha alitoa ushuhuda ambao wazee wa kata wanausimulia hadi leo. Afisa wa mradi, Bi Paskalina, binti wa bara mwenye moyo laini na kalamu tatu, aliweka zote tatu chini. Alipozichukua tena alieleza utaratibu. Mrejeaji aliye peke yake hupewa jiko la gesi la plate mbili. Mwenye familia hupewa oveni kubwa ya kuokea mikate, kwa sababu wameona mwenye familia haondoki tena.

"Nina mke," alisema Twalha. Hilo lilikuwa habari hata kwake.

"Vizuri, kaka Twalha. Tutakuja kumsalimia."

Jioni alikuwa barazani kwa Bi Ashura. Zaina alimsikiliza hadi mwisho.

"Mke wa uongo hawezekani mtaa huu," alisema. "Shangazi hapokei mwanamume asiye na ndoa, na majirani wataulizwa."

"Basi tufunge kweli. Oveni ikifika nakupa talaka moja, tunaiuza, tunagawana. Yupo mtu Chalinze anaisubiri."

"Na mahari?"

"Taja utakalo."

"Oveni."

"Oveni gani?"

"Hiyo hiyo. Iwe mahari ya ahadi, utanipa ukiipata."

Twalha alitabasamu. Mahari ya ahadi anaifahamu kila mwanamume wa pwani: inatajwa kwa sauti kubwa asubuhi na kusahaulika kabla ya biriani kwisha. Alikubali haraka, asije Zaina akabadili mawazo na kutaka kitu kilichopo. Siku ya ndoa Shehe Alawi aliitamka msikitini, neno kwa neno kama bibi harusi alivyoagiza: oveni ya gesi, milango miwili, trei sita. Watu walitazamana kidogo. Twalha akajibu kwamba ameridhia, kwa sauti iliyofika hadi kwenye viatu mlangoni.

Wakawa mume na mke. Twalha alilala ukumbini kwa Bi Ashura juu ya jamvi, na kila alfajiri alilikunja kabla majirani hawajaamka, akatoka nje amechana nywele na kuwaamkia wapita njia kwa uchovu wa mtu mwenye nyumba. Bi Paskalina alikuja kuwatembelea, akala vitumbua vya shangazi, akasema ndoa hii inampa matumaini. Twalha alisema hata yeye.

Oveni ikafika, ikawekwa kwenye fremu ya duka aliyopangishiwa na mradi karibu na soko. Ilimeta. Twalha alimpigia mtu wake wa Chalinze, akakodi Canter na kulipa kabisa. Nusu ya Zaina alikuwa ameshaanza kuisahau; kwake alisema tu kwamba kuuza kumeahirishwa, wataifungua biashara Alhamisi. Naye Zaina, mke mwema, akawaalika Shehe Alawi na wazee wa msikiti waje wasome dua ya ufunguzi.

Canter, iliyotakiwa kufika alfajiri, iliingia katikati ya dua. Dereva alizima injini na kuitikia amin pamoja na wenzake.

"Gari hili la nini?" aliuliza Shehe Alawi dua ilipokwisha.

"La oveni, shehe," alijibu dereva, mtu mkweli asiye na tahadhari. "Inakwenda Chalinze."

"Mahari ya mkeo inakwenda Chalinze kufanya nini?"

Twalha hakuwa mtu wa kukwama. "Shehe, mimi na Zaina tumeshindwana. Nimemwacha, talaka moja. Mashahidi ni nyinyi."

"Umeharakisha, mwanangu. Ukimwacha, mahari ya ahadi inadaiwa leo hii. Imekwishapatikana, na sisi sote tulikusikia."

Hapo ndipo Twalha alipokumbuka alichokisoma chuo cha Kurani utotoni, na uso ukamchangamka.

"Lakini shehe, nakumbuka kuna suala la nusu."

"Lipo," alisema Shehe Alawi. "Mume akimwacha mke kabla hawajakutana, mahari ni nusu, na mke hana eda. Basi tuambieni. Mlikutana?"

Dereva alisogea hatua mbili mbele. Zaina alijifunika kanga vizuri, akatazama chini.

"Aseme yeye," alisema. "Ndiye mume."

Twalha alizitazama zile nyuso. Alikuwepo Abdulwahab kinyozi wake, ambaye habari ikimwingia sikioni asubuhi, adhuhuri iko Mkange. Kusema kweli kungempa nusu ya oveni. Lakini kweli yenyewe ilikuwa kwamba mwanamume mzima aliyeoa kwa kishindo amelala juu ya jamvi mwezi na nusu. Katika maisha yake Twalha alikuwa amedanganya juu ya vito, safari na vifo vya jamaa walio hai, na hakuna hata uongo mmoja uliomtoa jasho kama ukweli huu.

"Tulikutana," alisema. Kisha, bila kuulizwa, "Sana."

"Alhamdulillahi," alisema Shehe Alawi. "Oveni yote ni yake. Na muda wote wa eda chakula chake na matumizi yake ni juu yako."

Wazee wakaitikia amin, kwa mazoea.

Zaina alimgeukia dereva. "Gari si limeshalipwa, kaka? Basi ipeleke kwa Bi Ashura, hapa hapa Dunda."

Wanaume wanane waliipakia. Zaina alipanda mbele, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Twalha. Siku ile ofisini nilisimama nje, chini ya dirisha. Nilikusikia." Sauti yake ilishuka. "Yale yalikuwa yangu yote, na mimi nisingeweza kuyatoa mdomoni hadi nife. Sasa yameshasemwa, na mimi niko hai. Nakushukuru."

Twalha alisogea dirishani. "Nililia vizuri pale pa mlango?"

"Ulilia mapema kidogo."

Dereva akawasha gari. Oveni ilitikisika, na Twalha, pengine kwa uchungu wa kitu kilichokuwa chake kwa siku tatu, akarukia nyuma akaikumbatia isianguke. Wakaenda polepole kwa sababu ya mashimo. Mbele ya wauza samaki, mama mmoja aliuliza kwa sauti hicho wanachobeba ni nini na ni cha nani.

Twalha alikuwa amekwisha kufungua mdomo, lakini Zaina alimtangulia, kichwa nje ya dirisha, sauti ikivuka soko zima.

"Ni oveni yangu, mama. Nimerudi. Mikate inaanza Jumamosi."