Binti Yangu Meza ya Kobe

Jumatatu, 3 Februari
Msiba! Binti yangu kawekwa meza ya Kobe. Darasa la kwanza wamewagawa watoto kwa uwezo wa hesabu: Twiga, Sungura, Kobe. Mwalimu anasema majina hayana maana. Aende akamdanganye mwingine. Kinyozi jirani yangu, ambaye binti yake ni Twiga, kapita hapa kwenye cherehani yangu kunipa pole. Pole gani ile, meno yote nje! Mke wangu anasema mtoto ana miaka sita, nimwache. Hajui dunia huyu.

Jumanne, 4 Februari
Nimepata upenyo. Keshokutwa Kobe wanapimwa upya, mmoja mmoja, kwa vizibo vya chupa. Kinyozi kanitajia majibu aliyotoa bintiye. Imebidi nimshonee pindo za suruali mbili bure, mnyonyaji yule. Nimeyatungia wimbo: nane, kumi na nne, tano! Mtoto kaukamata hima. Kuhesabu ni kupoteza muda.

Jumatano, 5 Februari
Nimemkuta chini ya meza ya kukatia, kamwaga kopo langu la vifungo, anavipanga mafungumafungu. Nimemnyang'anya. Mtihani kesho, yeye anacheza! Kanuna. Tumeimba hadi mke wangu akatishia kwenda kwa dada yake.

Alhamisi, 6 Februari
Aibu. Mwalimu kaweka vizibo mezani, hajauliza kitu, binti kaimba wimbo wote na mikono kifuani. Kumbe mwalimu haangalii jibu tu, anaangalia mtoto anavyolifikia! Mbona kinyozi hakusema? Kabaki Kobe. Njiani akaniuliza kama yeye ni mjinga. Nilimwambia hapana, lakini hakunitazama. Roho iliniuma kweli.

Ijumaa, 7 Februari
Mke wangu katoa amri: nisitie tena mdomo kwenye hesabu za mtoto. Nimerudisha kopo chini ya meza, kimya, kama mwizi aliyetubu. Jioni binti kaniambia, bila kuulizwa, kwamba vifungo vile vinatosha mashati matatu na viwili vinabaki. Shati moja hula saba. Nikahesabu, nikapata ishirini na mbili. Nikarudia: ishirini na tatu. Mtoto yuko sahihi! Nimejifanya natunga uzi ili asinione macho.

Jumatano, 12 Februari
Sungura! Mwalimu alimwachia vizibo, akavipanga saba saba, akaeleza kwamba ni mashati. Kaja mbio hadi dukani kunipa habari mwenyewe, kiatu kimoja mkononi. Sijawahi kumwona na furaha vile. Mwalimu kaniambia msaada mkubwa niliompa ni kunyamaza.

Nimelifikiria sana hilo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Basi mimi kimya changu cha siku chache tu kimepandisha mtoto meza nzima! Mke wangu nimemweleza kwamba ni mbinu yangu. Kacheka mpaka kakaa chini. Wivu.

Kinyozi kapita saa ile ile. Eti kusoma nako kuna makundi, na bintiye anaijua hadithi watakayosomeshwa. Kaja na suruali tatu. Nimezipokea. Wimbo wa hadithi nimeshauanza, ubeti wa kwanza uko tayari. Mke wangu asijue.