Prosesa Yenye Cheo

Kituo cha Elimu ya Jioni,
Mtawanya, Mtwara.
14 Aprili 2005

Kwa Ndugu Abdulrahmani Nahoda,
Mwenyekiti wa Kamati ya Vifaa.

YAH: MAOMBI YA KUBADILISHIWA PROSESA

Ndugu Mwenyekiti,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta umeketi. Nimepokea barua yako ya onyo ya tarehe nane, inayonituhumu kwa "kusahihisha mashine bila kibali." Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na miwani. Kosa silikatai. Naomba tu nieleze yaliyonifikisha hapo, na nitayapa namba ili yasichanganyike.

1. Kuhusu uchaguzi wenyewe. Utakumbuka kwamba mwezi Oktoba wafadhili walituandikia kuwa watatuletea kompyuta moja, na wakatuuliza tunataka ndani yake kuwe na prosesa ipi: ya kompyuta ya mezani au ya seva. Kwa kuwa hakuna aliyejua prosesa ni nini, ukamwalika fundi Amani aliyekuwa amekuja kutoka Dar es Salaam kutembelea wakwe zake. Amani alieleza vizuri sana. Alisema prosesa ndicho kidude kinachofikiri ndani ya kompyuta. Ile ya mezani ni nyepesi, ina mbio, na inamfaa mtu mmoja anayefanya kazi yake na kwenda nyumbani. Ile ya seva imetengenezwa kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja kupitia kompyuta nyingine, huachwa ikiwaka usiku na mchana, hupenda baridi, na kumbukumbu inayoendana nayo hujisahihisha yenyewe ikikosea. Kisha akauliza ni watu wangapi watakaoitumia. Mimi, karani wa usajili, nikanyoosha mkono nikasema, "Mmoja." Mhtasari wa kikao hauonyeshi mkono wangu.

Unaonyesha swali lako. "Kijana, kati ya hizo mbili, ipi ina cheo kikubwa?"

"Hazina vyeo, mzee. Kila moja na kazi yake."

"Hilo nimelielewa. Lakini zingekuwa na vyeo?"

Amani akatazama saa yake. "Basi, seva."

Kikao kikafungwa kwa sala zote mbili.

2. Kuhusu baridi. Mashine ilipofika mwezi Januari, kamati iliazimia ikae penye kiyoyozi. Kituo kina kiyoyozi kimoja, nacho kiko katika ofisi ya mkuu wa kituo, Mama Lucy Haule. Tangu siku hiyo Mama Lucy anafanyia kazi barazani, kati ya mtungi wa maji na baiskeli za walimu. Hajalalamika, ni mtu wa kanisani. Lakini wiki iliyopita alikuwa anamkanya mwalimu mmoja kwa uchelewaji, na wapita njia wawili wakasimama kumsaidia kukanya. Mlangoni mwa ofisi yake ya zamani kumewekwa kibao kisemacho VUA VIATU. INGIA KWA UTULIVU. Mgeni mmoja kutoka Mpapura, aliyekuja kuuliza habari za masomo, aliona kibao, akaona zulia, akahisi ubaridi, akaswali adhuhuri humo ndani. Mlinzi wetu Shabani alimwacha amalize, na mimi naona Shabani alifanya vema.

3. Kuhusu kutozimwa. Wewe mwenyewe, Ndugu Mwenyekiti, ni mwenyeji wa mji huu na unaujua umeme wetu. Mpaka hiyo gesi ya Mnazi Bay ije ituwashie taa kama tunavyoahidiwa, umeme wa Mtwara una ratiba yake na hauwaombi ruhusa wenye seva. Mwezi Februari peke yake ulikatika mara kumi na tisa. Kamati ilikutana kwa dharura, gizani, na kuazimia kwamba umeme ukikatika, seva ihesabiwe kuwa inaendelea kufanya kazi. Mimi ndiye niliyeandika azimio hilo, kwa mkono, Shabani akinimulikia tochi. Nilitii. Kwa siku kumi na moja nimejaza katika daftari la zamu kwamba mashine iliyozimika inafanya kazi vizuri.

4. Kuhusu kuhudumia watu wengi. Kituo kina kibodi moja na kioo kimoja. Hakuna kompyuta nyingine ya kuunganishwa na hiyo. Lakini kwa kuwa prosesa ya seva ni ya watu wengi, ulielekeza kwamba ni matumizi mabaya ya mali ya umma mtu mmoja kuitumia peke yake, na kwamba wasipungue watatu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo tumekuwa tukifanya hivi: mimi nabonyeza herufi, Mwalimu Fatuma anasoma majina kwa sauti, na Bwana Nuhu wa stoo anashika mausi. Bwana Nuhu ni mtu mwaminifu ila ana mkono mzito. Kazi niliyokuwa naimaliza asubuhi moja kwa taipureta, sasa inatuchukua wiki, na darasa la Mwalimu Fatuma limekuwa likijifundisha lenyewe.

5. Hapa ndipo kwenye kosa langu, na naomba uvumilivu wako, maana hili ni refu.

Kati ya watahiniwa wetu wa kujitegemea mwaka huu yumo Bi Subira Hamisi wa Mikindani. Unamfahamu, ndiye anayekaanga pweza karibu na soko. Aliacha shule mwaka 1983, akiwa kidato cha pili, ili amuuguze mama yake. Mama alipotangulia mbele ya haki, yeye alikuwa ameshaolewa. Sasa ana watoto wanne, na mkubwa wao, Mwaisha, amemaliza kidato cha nne kabla yake. Kwa miaka mitatu Bi Subira amefika darasani kila jioni akitoka kwenye kikaango, madaftari yakiwa ndani ya mfuko wa nailoni yasipate mafuta. Anataka kusomea uuguzi.

Tarehe ishirini na moja Machi tulibandika ubaoni orodha ya watahiniwa sitini na mmoja, ili kila mtu ahakiki jina lake kabla ya kuipeleka mkoani mwisho wa mwezi. Namba arobaini na nne ilisomeka hivi: SABUNI HAMISI, JINSIA: ME.

Bi Subira alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Kisha alinifuata barazani.

"Baba Anna," akaniambia, maana huniita kwa jina la binti yangu, "mtihani huu nimeungoja miaka ishirini na miwili. Siwezi kuufanya nikiwa Sabuni."

Nilimwahidi kurekebisha siku ileile. Nilipokuja kwako kuomba kibali, ulinieleza kwamba mashine yenye prosesa ya seva hujisahihisha yenyewe, kwamba fundi alilisema hilo mbele ya kikao, na kwamba binadamu kuingilia ni kuonyesha wafadhili kuwa hatuiamini. Ukaagiza tuisubiri.

Tukaisubiri. Kila asubuhi Bi Subira alipita kabla ya kwenda sokoni, anavua viatu, anaingia kwa utulivu, na mimi namfungulia orodha. Siku ya kwanza alikuwa Sabuni. Siku ya tatu alikuwa Sabuni. Siku ya sita umeme haukuwepo, kwa hiyo kwa mujibu wa azimio la kamati alikuwa Sabuni bila kuonekana. Siku ya tisa alikuwa Sabuni bado. Alikiangalia kioo, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Mwaka kesho nitakuwa na arobaini." Akaenda zake. Hakusahau viatu vyake, lakini mfuko wake wa madaftari aliuacha sakafuni. Nilihisi kwamba ameuacha kwa makusudi.

Ndugu Mwenyekiti, mimi nimekuwa karani kwa miaka ishirini na sita, Tukuyu na hapa. Sijawahi kukaidi agizo la maandishi. Siku hiyo, tarehe thelathini, niliuchukua ule mfuko, nikapanda baiskeli mpaka Mikindani, nikamkuta kwenye kikaango. Nikamwambia azime moto. Akaniuliza nani atawauzia wateja. Nikamwambia wateja watasubiri, maana wiki hiyo kila mtu alikuwa anasubiri.

Tulirudi Mtawanya. Nikatoa taipureta chini ya meza ya stoo, nikaipangusa, nikachapa majina yote sitini na moja upya. Bi Subira alikaa kando yangu akiwa na fomu za mkono, akisoma kila jina herufi kwa herufi, ya wenzake kwanza. Alipolifikia la kwake, nikaliandika bila kusomewa. Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu ya jina, wino ukiwa bado mbichi, ukamchafua kidole.

Kesho yake, siku ya mwisho, nilifika mkoani saa tisa na robo. Afisa aliipokea orodha, akagonga muhuri, akasema ni mara ya kwanza mwaka huu kuletewa orodha isiyo na kosa. Sikumweleza imechapwa kwa kitu gani.

Hilo ndilo kosa langu.

6. Kwa sababu hizo, naomba kwa heshima zote kamati iiondoe prosesa ya seva, ambayo ndiyo chanzo cha yote niliyoyataja, na iwaombe wafadhili watuletee ya kompyuta ya mezani. Huyo ni mtumishi wa kawaida, wa mtu mmoja, asiyehitaji kiyoyozi, ambaye ukikosea hakuahidi kukusahihisha. Naamini siku atakapofika Mama Lucy atarudi ofisini kwake, Mwalimu Fatuma atarudi darasani, na Bwana Nuhu atapumzisha mkono. Iwapo kamati inahofia kushuka hadhi, napendekeza prosesa hiyo ya mezani ipewe cheo cha Kaimu Seva, na ithibitishwe baada ya miezi sita kama watumishi wengine. Hii ya sasa nayo iagwe kwa hafla fupi.

Kuhusu onyo lako, liache tu katika jalada langu. Ila naomba mbele yake kibandikwe kipande cha orodha chenye namba arobaini na nne.

Nisalimie nyumbani, wajumbe wote wa kamati kwa majina yao na nyadhifa zao, na mama mkwe wako ambaye nasikia mguu umepata nafuu. Huku kwangu mama Anna anawasalimu, Shabani anawasalimu, na Mama Lucy anawasalimu kutoka barazani.

Mtiifu wako,
Gideoni Kasyupa,
Karani wa Usajili.

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha hii, ikabidi niifungue. Fundi Amani amerudi kwa wakwe zake, na leo mchana nilimwomba afungue mashine awatoe sisimizi walioingia humo. Alipoangalia ndani akacheka kidogo, akaomba aone katoni iliyokuja nayo. Chini ya katoni kulikuwa na barua ya wafadhili kwa kamati, haijafunguliwa. Wanaomba radhi kwamba zile za seva ziliwaishia, wakatuwekea prosesa ya mezani, na kumbukumbu yake ni ile ya kawaida isiyojisahihisha. Kwa hiyo ombi langu namba sita lilikuwa limetekelezwa tangu Januari, na lawama zote nilizoipa seva naziondoa, kwa kuwa haijawahi kufika Mtwara.

Amani ameniuliza pia ni nani aliyeandika "Sabuni." Mikono iliyokuwa kwenye herufi ni yangu. Jioni hii nilimsubiri Bi Subira atoke darasani, nikamweleza kwamba si mashine, ni mimi. Akasema alijua tangu siku ile ya ubao, ila aliona aibu kumwambia mtu mzima.