Kibao cha Bwana Haskell

Hakuna binadamu aliyewahi kujivunia nyumba kama Preston Haskell wa mtaa wetu, hapa Massachusetts! Ukinyoosha mkono unagusa dari, lakini yeye aliiita kasri. Kochi hakutaka hata kulisikia. Sisi wageni wake tulikalishwa kwenye mabenchi ya kale, magumu, mpaka makalio yakataka kukata rufaa.

Kilichomkosesha usingizi ni kibao. Kwetu, nyumba ya kale hupigiliwa kibao mlangoni: jina la mwenye nyumba wa kwanza, kazi yake na mwaka ilipojengwa. Jirani yake, Bi Lavinia Thurlow, alikuwa nacho: "Amos Thurlow, Mkulima, 1771." Preston hana! Kila akitoka kuchukua gazeti, kibao kile kinamchoma.

"Yangu ni kongwe kuliko yako, bibie!" alimrushia maneno juu ya ua.

"Inawezekana, jirani. Mimi nakunywa kahawa yangu tu hapa."

Basi akakiendea chama cha historia cha mji, wakamletea mtafiti, Ginny Oakes, mama asiye na papara. Ginny akatambaa darini, akakagua misumari iliyofuliwa kwa mkono, akapima boriti, kisha akazama wiki tatu kwenye hati za zamani. Preston alimganda kama kupe, akimwonyesha mikwaruzo ya nguzo.

"Alama za mapanga hizo! Vita vya uhuru vilipiganwa humu!"

"Mapanga ya kupigana kwa kimo cha magoti tu?" Ginny akauliza, akaandika.

Simu ya majibu ilipolia, nilikuwepo, benchini.

"Bwana Haskell, nimemaliza. Ila kuhusu jengo lenyewe, kuna jambo..."

"Mwaka, mama! Nipe mwaka!"

"1762. Lakini hati zinasema..."

Akamkatia simu! Akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. "Miaka tisa! Nimemwacha Lavinia miaka tisa!"

Akakiambia chama kibao kije kimefunikwa shuka, asikione mtu kabla ya uzinduzi. Akaalika mtaa mzima, akaandaa pai za tufaha na mpiga tarumbeta. Bi Lavinia aliwekwa kiti cha mbele, makusudi, aumie vizuri.

Tarumbeta ikalia. Preston akavuta shuka huku anatuangalia sisi, sio kibao. Alishangaa kuona hatupigi makofi. Akageuka, akasoma:

"Banda la Nguruwe la Amos Thurlow, 1762."

"Ndiyo niliyotaka kukwambia," Ginny akasema. "Mzee Thurlow aliwajengea nguruwe kwanza. Mjukuu wake akaliuza banda, likavutwa na maksai mpaka hapa. Ile mikwaruzo ni ya meno ya nguruwe."

"Kibandue! Kibandue sasa hivi!"

"Chama hakiandiki uongo, bwana. Na mwaka si ulioutaka?"

Nilimwonea huruma, wallahi, ila pai ilinipalia kwa kicheko. Bi Lavinia akainuka taratibu, akampa mkono.

"Hongera, jirani, umenishinda. Ndiyo maana tangu uhamie hapa nakuona kama wa nyumbani kwetu."