Vita vya Mashudu vya Maposeni

Zimeni redio, enyi mpandao mahindi juu ya mahindi mwaka nenda mwaka rudi hata udongo ukawachoka, mpate kuisikia habari ya Otto wa Maposeni, mvunja desturi, simba wa jembe, aliyethubutu kupanda alizeti katika ekari ya nyumbani ili ardhi ipumzike.

Kwa ushujaa huo alisimangwa msimu mzima. Shemeji yake Valence alikuwa akisimama kando ya shamba, mikono nyuma mithili ya mkaguzi wa shule, akiuliza, "Shemeji, maua haya ni ya harusi ya nani?" Otto akaendelea kupalilia, kwani mashujaa hawajibizani na mtu mwenye jembe la kuazima.

Lakini wa kuogopwa alikuwa mkewe Leticia, malkia wa jiko na wa nguruwe wawili, ambaye alikwisha kutoa hukumu: "Baba Careen, nimekupa mwaka huu tu. Faida nisipoiona humu ndani, ekari inarudi kwenye mahindi, na habari za alizeti nisizisikie tena."

Siku ya hesabu ikawadia. Otto akayafunga magunia ya alizeti juu ya baiskeli, akayafikisha kwenye mashine ya Remmy, mkamuaji wa Peramiho, na mchana akarejea na dumu la mafuta yenye rangi ya dhahabu, akalitua mlangoni kama mteka miji atuavyo taji la adui.

Leticia akafungua, akanusa, akaonja kwa kidole.

"Mazuri. Mashudu yako wapi?"

"Yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa? Nimemtunukia Remmy. Mimi nilifuata mafuta, si takataka."

"Basi umemlimia Remmy. Nguruwe wangu nawanunulia pumba, wewe unagawa chakula chao. Faida yenyewe ndiyo hiyo?"

Ndipo Otto, akiiona ekari yake inatekwa mchana kweupe, alipoigeuza baiskeli na kukishambulia tena kilima cha Peramiho, jasho likimtiririka hata miguuni.

Akamkuta Remmy ameketi juu ya gunia lenyewe la mashudu.

"Ewe mlinzi wa kinu," akanguruma, "rejesha kilicho changu, kwa maana nilikitoa nikiwa gizani, na sasa nimeiona nuru!"

"Mzee Otto," Remmy akasema bila kuinuka, "umetumwa na Mama Careen."

Shujaa akaipima heshima yake, akaipima na ekari.

"Nimetumwa."

"Ungesema tangu mlangoni. Mashudu ndiyo malipo yangu ya kukamua, lakini kwa ajili ya mama, tugawane. Beba nusu."

Jioni ile nguruwe wakaketi baraza. Wakayanusa mashudu, wakashauriana kwa mikoromo, wakala mpaka hori likang'aa. Leticia akalichungulia hori tupu.

"Mwakani mahindi yanarudi hapa," akanena, na moyo wa Otto ukaanguka. "Alizeti yako ipeleke kwenye shamba la juu, lililochoka. Mwaka unaofuata, vibadilishane."

Hayo ndiyo maneno aliyoyahubiri Otto tangu mwanzo, neno kwa neno. Akayameza, akaitikia, "Ndiyo, Mama Careen."

Basi na ikumbukwe vizazi hata vizazi kwamba katika zama zetu, huko Maposeni, alizeti ilipewa zamu yake shambani pasipo damu kumwagika, kwa kura mbili za nguruwe, na hapakuwa na aliyepinga.