Jukwaa la Bwana Nusu

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Mama mkwe anakuja Jumamosi! Atakaa wiki nzima. Mke wangu ameniomba jambo moja tu: nisianzishe chochote. Nimemwelewa kabisa. Nimeanzisha jukwaa.

Sababu ninayo. Mama mkwe huniita Bwana Nusu, tena mbele ya watu. Eti banda la kuku niliezeka nusu, kuku wakahamia jikoni. Eti uzio niliupaka rangi hadi kwenye bomba, nikachoka. Miaka tisa ya ndoa, jina halijafutika. Jumamosi litafutika. Jukwaa la mbao nyuma ya nyumba: juu wageni na chai yao, chini watoto na mchanga wao, pembeni ngazi inayogeuka benchi. Itageukaje, sijui bado.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimepima uwanja kwa hatua zangu. Nane kwa tano. Jirani yetu, fundi seremala, akachungulia juu ya uzio na kuuliza kama nataka aniazime futi ya kupimia. Nikamjibu miguu yangu naijua tangu utotoni. Akasema, "Mm." Simpendi mtu huyu anavyosema mm.

Nikaenda kwa muuza mbao, nikazipima kwa hatua zilezile.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Si zilezile! Nyumbani nilipiga hatua za mwenye furaha. Kwa muuza mbao nilipiga za mwenye jua la utosi. Mbao zimeisha na katikati ya jukwaa kuna pengo la kummeza mtu mzima. Muuza mbao anasema mzigo mwingine ni Jumanne ijayo.

Fundi kachungulia tena. Hakusema hata mm. Imeniuma zaidi.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Akili ni mali! Kitanda cha wageni kina chaga kumi na mbili, zile mbao zinazobeba godoro. Nani anahitaji kumi na mbili? Nimechukua sita. Toa moja, acha moja, toa moja, acha moja. Nikarudisha godoro, shuka, mito. Huwezi kujua.

Binti yetu mdogo, wa miaka mitano, alisimama mlangoni akauliza nafanya nini. Nikasema nahesabu. Akasema na yeye anajua kuhesabu, akahesabu kwa sauti mpaka nikampa biskuti.

Kila ubao misumari mitano. Jukwaa limekamilika! Mke wangu kapanda, karukaruka, kanishika bega, kasema hakutegemea. Nilitaka kulia. Kweli.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Saa nne mama mkwe akafika. Chai ikaandaliwa jukwaani. Chini watoto wakafungua duka la keki za mchanga. Mama mkwe akapitisha kiganja juu ya mbao, akanitazama, akasema, "Mkwe wangu, hii umeimaliza." Miaka tisa! Nikamimina chai mezani badala ya kikombeni.

Saa nane akasema anakwenda kunyoosha mgongo. Nikamshauri alale jukwaani, kuna upepo. Hapana. Nikamshauri kochi. Nikamshauri matembezi, ni mazuri kwa afya. Akasema mgongo wake haujasafiri umbali wote huo ili ukalale nje wakati kitanda kipo.

Ukasikika mshindo.

Tulimkuta amezama katikati ya kitanda, godoro limemkunja, vimebaki kichwa na nyayo. Mke wangu akauliza jamani kitanda kimepatwa na nini. Binti yetu mdogo akainama, akachungulia uvunguni, akahesabu kwa kidole. Akatangaza kuwa zimebaki sita, na sita nyingine Baba kazipigilia nje.

Nikatamani ardhi inimeze. Mama mkwe akainua kichwa taratibu.

"Bwana Nusu," akasema. "Hata kitanda umenipa nusu."

Kisha akacheka mpaka moja ya zile sita zilizobaki ikaanguka. Mke wangu hakucheka.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Mke wangu na mama yake walilala kwenye kitanda chetu. Mimi jukwaani. Mbao imara sana, mbavu zangu ni shahidi.

Asubuhi nimeamriwa kurudisha chaga. Hazitoki. Ikabidi aitwe fundi. Kavuta, kasukuma, kavua shati. Mwishoni kasema tangu aanze kazi hajawahi kuona ubao uliopigiliwa hivi. Nimemshukuru. Sifa ya mpinzani ni sifa kweli. Basi akakata chaga mpya, kwa futi yake, akiringa.

Mama mkwe kanywa chai jukwaani tena. Bado ananiita Bwana Nusu, lakini anasema atakaa wiki mbili. Tatizo ni moja tu: jua la mchana linamchoma. Jukwaa linataka paa. Likipata paa, jina limekwisha! Mke wangu ameniomba nisiguse kitu. Nimemwelewa kabisa.

Paa linataka nguzo nne. Tatu ninazo. Meza ya kulia chakula nayo ina miguu minne. Nimeikagua vizuri. Mitatu inatosha.