Maharagwe Ndani ya Mashua ya Waruguru

Jumatatu, 10 Novemba

Waruguru amechaguliwa! Binti yangu! Ndiye atakayeshindana kwa niaba ya Kitale dhidi ya Bungoma, Jumamosi hii, kwenye bwawa la kijiji cha Kwanza! Hata chai sijanywa.

Ni mashua ndogo, urefu kama mkono wangu. Haina injini, haina mtu ndani. Inasukumwa na upepo, na Waruguru anasimama ukingoni na rimoti, anageuza tanga na usukani. Klabu nzima wanafanya hivyo, watu wazima na akili zao. Mwanzoni niliona aibu. Sasa natembea katikati ya barabara kwa maringo. Mshindi ataenda Naivasha, kwenye mashindano ya taifa, na huyu mtoto anaiota Naivasha tangu alipoanza kuiunda mashua hiyo kwa mikono yake, nyuma ya kibanda chake cha kutengeneza simu.

Nimetangaza sokoni. Nimetangaza kwenye kwaya. Halafu nikampigia Dinah wa Kabuchai, kwa sababu mwanawe Jotham ndiye wa Bungoma. Dinah na mimi tumeuza mahindi soko moja tangu usichana na hatujawahi kukubaliana hata bei ya gunia tupu. Akasema hongera dada, nibebe leso kubwa, ya kulia. Nikamwambia leso ninayo, nitamwazima.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeenda kuona mazoezi. Jambo kubwa! Kabla mashua haijaingia majini, Kimaiyo, mwenyekiti wa klabu, anaiweka kwenye mizani. Mizani! Hapo sasa niko nyumbani. Gunia zito hulipwa, gunia jepesi hurudishwa na mwenyewe anaaibika mbele ya watu. Nikamuuliza Waruguru kama mashua nyepesi inakataliwa. Akasema ndiyo Mum, ikipungua inakataliwa, lakini yake imepita kidogo.

Kidogo! Mtoto wa muuza mahindi, amepita kidogo! Na mashua yenyewe nyembamba kama mwanafunzi wa bweni. Nafikiria.

Ijumaa, 14 Novemba

Mpango tayari. Mahindi hapana: ya msimu huu bado yana unyevu, na mimi sipimi mahindi mabichi, huo ni wizi. Maharagwe. Makavu, safi, nimechambua mwenyewe. Gachanja, mzee wangu, akauliza ya nini. Nikasema ya baraka. Akasema niache kitu cha mtoto. Wanaume huogopa kushinda.

Jumamosi, 15 Novemba

Waruguru alipoenda kusalimia wa Bungoma, nikabaki na mashua. Nikafungua kifuniko cha juu, nikamimina. Ikajaa vizuri, nikafunga. Kimaiyo akaitazama mizani mara mbili, akasema imepita basi, hakuna sheria ya kukataa uzito uliozidi. Nikapiga ngemi, vigelegele vya kwetu! Waruguru akainyanyua, akakunja uso, akataka kuifungua. Filimbi ikalia.

Mbio ya kwanza, upepo wa fujo. Ya Jotham ikalala ubavu. Yetu ikatulia kwenye maji kama kuku aliyelalia mayai, ikapita. Tukashinda! Nikamwangalia Dinah. Akaangalia ng'ombe waliokuwa malishoni kule juu.

Mbio ya pili tukawa nyuma. Uchovu tu, nikawaambia watu. Tukala chakula cha mchana.

Ya tatu, katikati ya bwawa, mashua ikapasuka. Paa! Kumbe maji huingia humo polepole, na maharagwe yalikuwa yanavimba tangu asubuhi. Ikazama, ikabaki ncha ya tanga. Jotham akavua viatu, akaingia mpaka kifuani, akaitoa. Maharagwe yote yakamwagika kwenye nyasi mbele ya umati. Dinah akauliza kwa sauti ya mnada ati bana Mama Waruguru, hii ni mashua ama sufuria? Walete chumvi?

Waruguru hakucheka. Akaniuliza polepole kwa nini. Nikasema mizani. Akasema Mum, mizani inakataa wepesi tu, haitafuti mzito, majini mzito anachelewa. Akageuka, akafuta macho kwa mkono wa shati. Hiyo ilinichoma. Leso ikafanya kazi, kwake na kwangu. Dinah hatajua.

Halafu yule Jotham, kijana wa watu, akakataa ushindi. Alisema hawezi kwenda Naivasha kwa kushinda maharagwe. Kimaiyo akaamua warudie Jumamosi ijayo, na mimi nisikaribie maji kabisa: nisimame kule juu kwa ng'ombe. Nikakubali kwa heshima.

Maharagwe yalikuwa yameshalowa. Nikayaosha, nikayachanganya na mahindi, nikapika githeri, nikawaita wote nyumbani. Dinah alikula sahani mbili na kulalamika juu ya zote mbili.

Jumatano, 19 Novemba

Waruguru ameziba mashua, utadhani mpya. Ananiongelesha tena. Nimejifunza: maharagwe yanavimba. Sirudii, hata kwa dawa.

Leo amenieleza kwa upole, kama mwalimu wa watoto wa nasari, kwamba kinachoshinda mbio ni upepo. Upepo! Si angesema mapema! Tonny wa stoo ana mashine ya kupepeta mahindi, ile ya dizeli, inarusha makapi mpaka ng'ambo ya barabara. Inatoshea kwenye pikapu. Na kule juu kwa ng'ombe nilikotumwa kunaangalia bwawa moja kwa moja! Nimekatazwa maji. Upepo hakuna aliyenikataza.

Tonny amekubali. Waruguru sijamwambia, iwe zawadi. Sokoni nimewaambia, kwaya nimewaambia, Dinah nimempigia aje na Kabuchai yote. Kila mtu abebe sweta. Jumamosi, tarehe ishirini na mbili.