Matroni Kwenye Jeshi Langu

Kwako Baba Mkwe,

Kuhusu: Ombi la kuja kumchukua mkeo, kwa heshima zote

Shikamoo Baba. Sisi huku ni wazima, binti yako hajambo, na goti la Mama limepona kabisa. Siku hizi ngazi za nyumba yetu anazipanda vizuri kuliko mimi. Natumaini nawe u mzima, ingawa binti yako ananiambia kwamba ukipiga simu unasimulia zaidi habari ulizozisikia redioni. Nimelichukua hilo kama dalili ya upweke, na ndilo lililonipa ujasiri wa kushika kalamu.

Najua mkwe mwenye adabu hamshtaki mama mkwe, tena kwa mumewe. Ndiyo maana sishtaki. Nalalamika tu, na nimeyapa malalamiko yangu namba ili yasipandane.

Kwanza nikukumbushe hali ilivyokuwa. Kama ujuavyo, mimi ni fundi wa meno ya bandia. Mchana kutwa nachonga magego ya watu wengine, na jioni, ili mikono nayo ijisikie ina mwenyewe, napaka rangi askari. Ni askari wa plastiki, hawafiki urefu wa kidole gumba, lakini kila mmoja ana ngao yake, mkuki wake na kofia yake ya chuma. Ni jeshi la Warumi wa kale. Jumamosi nalibeba hadi klabu yetu, ambayo ni chumba cha nyuma cha duka la baiskeli, na pale juu ya meza kubwa tunapigana upya vita vilivyokwisha zamani, kwa kurusha dadu na kupima hatua kwa tepu ya fundi cherehani. Mpinzani wangu ni mwalimu wa hisabati tunayemwita Msumari, kwa sababu akishaingia kwenye hoja hang'oki. Yeye ana Wakarthago, maadui wa Warumi kutoka Afrika Kaskazini, na tembo wao. Siku nilipokuonyesha jeshi langu kwa mara ya kwanza, Baba, uliniuliza kama kazi hii ina mwisho. Nikakujibu haina. Ukaitikia kwa kichwa, kwa upole ambao sijausahau.

Mama alikuja kwetu kwa ajili ya goti. Daktari akamwamuru akae, mguu ameunyoosha, na nyumbani kwetu mahali pa kunyoosha mguu ni chumba cha kulia, mkabala na meza yangu ya rangi. Sasa ukimchukua mtu aliyekuwa matroni wa wodi ya wanaume maisha yake yote, ukamkalisha mbele ya safu ya wanaume waliolala chali wakisubiri rangi ikauke, yatakayotokea umejitakia. Yaliyotokea ni haya.

1. Kuhusu afya ya askari. Hakukaa sana akaniomba lenzi yangu. Aliwatazama nyuso mmoja baada ya mwingine, akashusha pumzi, akasema, "Mwanangu, hawa vijana hawana damu." Nilimweleza kwamba ile ni rangi ya msingi, kwamba nyuso zitakuja baadaye. Akanijibu kwamba wodini pia waliambiwa daktari atakuja baadaye. Kesho yake niliporudi kutoka kazini, kikosi kizima kilikuwa na mashavu mekundu kama watu waliotoka kucheka.

Zikafuata soksi. Mama alisema huwezi kumsimamisha mtu kwenye majani mabichi amevaa ndala halafu utegemee apigane. Majani yenyewe, Baba, niliyapanda mimi, nimeyabandika kwa gundi kwenye vitako vya plastiki wanavyosimamia, kwa kibano, jani moja moja, na nilikuwa nikijivunia. Sasa kuna Warumi wenye soksi za kijivu. Yule niliyekosea kumpaka jicho amefungwa bendeji ya jicho. Nakubali bendeji inampendeza, lakini hilo si suala.

2. Kuhusu mpangilio. Jeshi langu lilikuwa na kabati lake la droo. Droo ya juu wenye mikuki mirefu, chini yao wenye panga, chini kabisa wapanda farasi, na kila droo kwa mpangilio wa kikosi. Ningeweza kufumba macho nikamtoa askari yeyote niliyemtaka. Mama amewapanga upya. Wanaobambuka rangi wamekaa peke yao wasiambukize wenzao. Waliovunjika mikuki wako karibu na dirisha, kwa sababu anasema mgonjwa anayeona nje hupona haraka. Farasi wamehamishiwa juu kwa kuwa chini kuna unyevu. Siku hizi nikitaka mkuki mmoja nalazimika kupita kwa Mama, naye huuliza kwanza, "Unampeleka wapi na hali aliyonayo?"

3. Kuhusu majina. Nilikuwa nawaita kwa vikosi vyao. Mama anawaita Mpole, Kibogoyo, Mzee wa Kikohozi, na ndugu wawili waliotoka kwenye kifurushi kimoja ambao haruhusu wapelekwe mstari mmoja, maana wakipotea wote mama yao atabaki na nani. Mke wangu, badala ya kusimama na mumewe, siku moja alinipigia simu kazini nikiwa na meno ya mtu mkononi, kunijulisha kwamba Kibogoyo ameanguka kutoka mezani ila asiwe na wasiwasi mtu yeyote, mkono umeunganishwa.

Hapa Baba inabidi nikutaje. Yupo mpiga tarumbeta, mnene kidogo, mashavu yamejaa. Huyo Mama amempa jina lako. Nilimwuliza sababu akasema, "Huyu ana kelele, lakini hana ubaya." Nakufikishia maneno kama yalivyo. Mpiga tarumbeta huyo haruhusiwi kusogea mbele hata kidogo. Anakaa nyuma, kwenye kivuli cha bendera, na Mama amempaka skafu.

4. Kuhusu hospitali. Goti lilipopata nafuu daktari alisema sasa atembee, naye akatembea pamoja nami hadi klabu. Nilimpa kiti kizuri na nikamwomba atazame tu. Mchezo ukaanza. Msumari akarusha dadu, askari wangu mmoja wa mbele akaanguka, nami nikamchukua kumrudisha kwenye sanduku, kama tulivyofanya miaka yote.

"Unampeleka wapi?" Mama akauliza.

"Sandukuni, Mama. Amekufa."

"Nani kathibitisha?"

Msumari alifungua kitabu cha kanuni, akapekua mbele, akapekua nyuma, akakifunga. Haimo. Katika kanuni zote za vita vya mezani hakuna mahali palipoandikwa ni nani anayethibitisha kifo. Mama aliomba kopo tupu la biskuti, akatandika leso ndani yake, na tangu siku ile anayeanguka hapelekwi sandukuni, anapelekwa koponi, akatazamwa, akarushiwa dadu, na akipata namba nzuri anarudi kazini.

Nilitegemea Msumari angepinga. Badala yake aliuliza kama tembo wake nao wanapokelewa. Mama akasema, "Tembo naye kazaliwa. Mlete." Matokeo yake vita vilivyokuwa vikiisha kabla ya chai sasa vinaingia jioni bila kufa mtu. Mwenye duka la baiskeli ameongeza viti. Watu ambao hawakuwahi kujali Warumi wala Wakarthago huja kuuliza wagonjwa wanaendeleaje.

Nilijaribu kuzungumza naye nyumbani. Nilimwambia, kwa adabu, kwamba vita bila vifo ni kama duka lisilouza. Alikuwa anasafisha brashi, hakuniangalia. Akasema, "Wodini, mwanangu, wengine niliwafunika shuka sina la kuwafanyia. Hapa nina la kufanya. Wewe linakuuma nini?" Nimeliweka jibu hili kati ya malalamiko yangu, kwa sababu si haki mtu kukujibu hivyo halafu akaendelea kuosha brashi, wewe ukabaki umesimama na kikombe.

5. Kuhusu kilichotokea Jumamosi iliyopita, ambacho ndicho kiini cha barua hii.

Tulikuwa tunapigana vita vya Zama. Wewe si mtu wa mambo haya Baba, basi nikwambie tu kwamba huko Zama Warumi walishinda. Kila mtoto aliyefungua kitabu cha historia anajua walishinda. Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi. Kwa adabu ya ukwe nilimkabidhi Mama wapanda farasi wa kulia, nikijua upande ule hautakuwa na kazi nyingi.

Alipigana, Baba, sijawahi kuona. Alirusha dadu kama mtu anayesoma kipimajoto, anaikung'uta mara moja, anaangalia, basi. Farasi wake waliwazunguka Wakarthago wakafika nyuma kabisa, mahali ambapo mimi sijawahi kufika hata siku moja. Msumari alivua miwani. Ulibaki msukumo mmoja tu, nami nilishaanza kufikiri nitasema nini baada ya ushindi, jambo fupi, lisilo la kujisifu.

Ndipo tembo mmoja wa Msumari, aliyetibiwa kwenye kopo letu wenyewe, aligeuka vibaya akaelekea nyuma ya mistari yetu. Pale nyuma palikuwa na bendera, na chini ya bendera alikuwa mpiga tarumbeta.

Mama akawageuza farasi wote.

"Mama," nikamnong'oneza, "tunashinda."

"Shinda wewe," akasema. "Mimi nina mtu wangu pale."

Wakarudi wote, uwanja mzima, mmoja hakubaki. Walimzunguka mpiga tarumbeta wakamtoa salama, na Msumari akapita katikati yetu kama mtu anayeingia sebuleni kwake. Warumi wameshindwa Zama. Nimeishi na aibu hii wiki nzima, kazini nilimtengenezea mteja gego la kulia badala ya la kushoto. Na hata mshindi hakufaidi. Msumari alikaa peke yake upande wake wa meza, dadu mkononi, huku klabu yote imehamia kwa Mama kuangalia kama mpiga tarumbeta ameumia. "Nimeshinda," akasema, "ila sioni nimwambie nani."

Sasa, Baba, nifuatilie hoja hii taratibu. Warumi walishindwa kwa sababu farasi walirudi. Farasi walirudi kwa sababu ya mpiga tarumbeta. Mpiga tarumbeta ana jina lako. Kwa hiyo, bila kukukosea heshima, aliyeniangusha Zama ni wewe. Na mtu akiangusha kitu cha mwenzake, hata kwa bahati mbaya, uungwana unamtaka afike mwenyewe aokote.

Basi naomba ufike. Basi la asubuhi linakufikisha kwetu mapema na chakula cha mchana kitakuwa tayari. Umchukue Mama kwa amani, na skafu zote alizozipaka, na kopo kama atalitaka. Simwambii aondoke mimi, na sitamwambia kamwe. Mdomo huu hautatoa neno hilo. Lakini mume akija kumchukua mkewe, nani atauliza? Mimi nitarudi kwenye droo zangu, kwa vikosi, na askari akianguka atakufa kama historia inavyotaka.

Nifikishie salamu kwa majirani wa kulia na wa kushoto, kwa shangazi na wanawe, kwa yule kinyozi wako anayekukata huku akikupa habari za siasa, na kwa wote wanaoniulizia na wasioniulizia. Binti yako anakusalimu sana. Hajui ninaandika nini, anadhani nahesabu rangi.

Nabaki kuwa mkweo, mtiifu katika yote isipokuwa haya machache niliyoyaeleza,

Fundi Meno

Nyongeza:

Baba, nilikuwa nafunga bahasha Mama akatoka chumbani na begi. Amesema umempigia simu, hukusema mengi, ila amekuelewa, na kesho asubuhi anarudi nyumbani. Ombi langu limekubaliwa kabla halijatumwa. Nimeshukuru kwa sauti, kama inavyotakiwa, na binti yako akaniuliza mbona nimekunja uso.

Nimekaa hapa mezani tangu saa hiyo. Nyumba iko kimya kabisa, hakuna anayeniuliza kitu, brashi zote ni safi, na sina hamu ya kushika hata moja.

Barua hii anakuja nayo mwenyewe. Nimemwambia ni salamu tu, kwa hiyo ukiisoma usicheke mbele yake. Yote niliyoandika huko juu yachukulie kama hayakuandikwa. Ombi langu sasa ni moja. Mpokee vizuri, mkae, mfurahi, umsikilize habari zake zote. Halafu ikipita kama wiki moja, nakusihi umuudhi kidogo. Si sana, na wala usimwumize moyo. Kiasi tu cha kumfanya afunge begi na kusema anakwenda kwa mwanawe. Kituoni nitampokea mwenyewe.

Najua si adabu mkwe kumwomba baba mkwe jambo kama hili. Lakini wewe umeishi naye miaka mingi, Baba. Huwezi kukosa kujua pa kubonyeza.